Kiitikio Nilichokikata

Alhamisi, 1 Novemba 1984

Mawingu asubuhi, jua baada ya adhuhuri. Nimepokea bahasha ya karatasi za mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, somo la Kiswahili. Ni karatasi sitini na tatu. Watahiniwa wanajulikana kwa namba tu, na ndivyo inavyopasa. Mimi ni mtahini mkuu, ijapokuwa nimestaafu mwaka wa nne huu. Mtahini wa pili ni Mwalimu Kificho, kijana aliyerejea mwaka jana kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Orodha ya waliofaulu itaondoka kwenda Unguja kwa meli ya tarehe 15 Desemba. Nafasi zilizotengwa kwa Pemba ni kumi na mbili.

Skuli zimefungwa kwa ajili ya karafuu. Hapa Madungu, katika mji wa Chake, kila penye sakafu pameanikwa, na mtu akitaka kupita hutembea ukingoni kama anayepita mbele ya wanaosali.

Mke wangu, Bi Khairiya, ameniuliza nitaacha lini kusahihisha watoto wa watu. Nilimjibu kwamba lugha haistaafu. Akaenda kugeuza karafuu zake.

Jumamosi, 3 Novemba

Jua kali. Nimesahihisha karatasi kumi na nne. Upatanisho wa ngeli umeharibika hata kwa wanaojiona hodari.

Jumatatu, 5 Novemba

Mvua ya ghafla saa nne. Wanawake wa mtaa mzima walikimbia na majamvi. Kificho alifika akiwa amerowa, akaomba taulo kabla ya salamu, jambo ambalo sikulipenda.

Tulizungumza juu ya swali la sita, lenye alama ishirini. Ni shairi nililolitia katika kijitabu changu cha mashairi ya skuli, toleo la kwanza mwaka 1957, na bado kinatumika. Chini yake pameandikwa: Mtunzi hajulikani. Watahiniwa wametakiwa waeleze maana yake.

*Jua langu limezama, na kazi haikuisha,*
*Vidole vinaniuma, mgongo umenichosha,*
*Wenzangu wamenihama, mimi wamenibakisha,*
*Ni heri kwetu kurudi, dunia imenitosha.*

Mwongozo wa majibu nimeuandika mwenyewe. Mja amechoka na dunia, umri umemwishia, anatamani kurejea kwa Mola wake. Ni shairi la kuipa dunia mgongo.

Kificho aliuliza, "Na anayejibu vingine, Mwalimu?"

"Amekosea."

"Hata akitoa hoja?"

Nilimwambia kwamba maana imo ndani ya maneno kama kokwa ndani ya tunda. Ukilijua neno, ukaijua sarufi yake, umefika. Hapo akaanza kunihesabia mapote ya wataalamu wake. Wako wanaosema kama mimi, kwamba kila kitu kimo katika maneno. Wako wanaomtafuta mtunzi, wajue alikusudia nini. Wako wanaosema kwamba shairi ni nusu tu, na nusu ya pili huletwa na msomaji. Na wako wanaosema kwamba kusema ni kutenda, na ukitaka kujua maana ya maneno uangalie yamefanya nini baina ya aliyesema na waliosikia.

"Na wewe u katika pote lipi?" nilimuuliza.

"Mie nimo njiani, Mwalimu. Sijafika."

"Basi ukifika, niandikie."

Alicheka. Ni kijana mwenye moyo mzuri, lakini amefunzwa kulegeza kila kitu.

Jumatano, 7 Novemba

Mvua tena jioni. Leo nimeikuta karatasi namba 41. Hati safi, ngeli zote zimepatana, na nilikuwa tayari nimeanza kumfurahia mtahiniwa huyu. Nilipofika swali la sita nikasoma haya, nayanakili kama yalivyo:

*Anayeimba hataki kufa. Anachambua karafuu na amebaki nyuma, na haya zinamzuia kuomba msaada. Kwa hivyo anaimba. Wenzake humjibu: "Rudi kwako una nini? Leta hapa tugawane." Wakisha kujibu, kila mmoja huchota mkono mmoja, konzi moja, kutoka katika fungu la huyo anayeimba. Maana ya wimbo huu ni hizo konzi.*

Katika karatasi ya mtihani hakuna karafuu, wala wenzake hawajibu, wala hakuna neno konzi. Nilitia sifuri. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: "Amebuni maneno yasiyomo." Kwa mujibu wa kanuni, mtahiniwa anayenukuu maneno ya uongo hufutiwa karatasi nzima. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, mwaka 1971.

Ijumaa, 9 Novemba

Sikutoka ila kwa sala.

Jumatatu, 12 Novemba

Jua. Kificho amerudisha karatasi zake. Namba 41 amempa kumi na nane. Amemkata mbili kwa sababu jibu ni fupi.

Nikasema, "Kumi na nane kwa uongo?"

"Nani kasema ni uongo? Huyu ametaja kazi, watu na desturi. Mtu habuni hivi, Mwalimu."

"Yamo katika shairi?"

"Shairi limetoka wapi, kwanza?"

"Limo kitabuni."

"Na kabla ya kitabu?" Nikaanza kuzipanga karatasi. Akauliza kwa adabu, lakini aliuliza, "Umewahi kukaa na wachambuaji wa karafuu?"

"Nimekaa nao kabla hujazaliwa."

"Basi unayajua zaidi yangu," akasema.

Watahini wakihitilafiana, neno la mkuu ndilo linalosimama. Nimetia saini, naye ametia yake chini ya yangu, kwa herufi ndogo.

Alhamisi, 15 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Karafuu za Bi Khairiya zimeanza kuota ukungu mweupe.

Jumapili, 18 Novemba

Ijumaa afisi ya elimu imebandika ukutani kwake namba za waliofutiwa kwa udanganyifu. Iko namba moja tu.

Leo baada ya alasiri alibisha hodi msichana wa miaka kumi na minane hivi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa makonyo ya karafuu. Alisimama kizingitini, hakutaka kuketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mwanapili. Mie ndiye arobaini na moja."

Nilimwambia kwamba si ruhusa mtahiniwa kumwendea mtahini. Akasema anajua, na kwamba hakuja kuomba alama. Alikuja kuuliza amedanganya nini. Tangu Ijumaa watu wa dago lao, kule shambani walikopiga kambi ya kuchuma, wanamwita Bi Mwongo, na mjomba wake amesema skuli imemfunza hila, bora aolewe.

"Umenukuu maneno yasiyokuwamo," nikamwambia.

"Yamo, Mwalimu. Hayamo katika karatasi tu."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Wimbo ni wake. Kautunga mwenyewe, zamani, na kila anayechambua upande wa kwetu anaujua."

"Bibi yako anaitwa nani?"

"Bi Mwanamize. Wa Msuka."

Nilimwambia kwamba nitalitazama jambo hilo. Aliondoka kinyumenyume mpaka uani, kama wanavyofunzwa watoto wa watu. Bi Khairiya alikuwa akichambua mchele, akainua uso.

"Jina hilo unalijua," akasema.

Nikamwambia majina ya Pemba yanafanana.

Jumanne, 20 Novemba

Mawingu bila mvua. Nimelifungua sanduku la madaftari ya zamani. Nilitumaini kwamba sitakiona nilichokuwa nakitafuta.

Daftari la mwaka 1956, ukurasa wa thelathini na moja, kwa penseli yangu mwenyewe: *Mwanamize binti Jaribu, mchambuaji, wa Msuka.* Chini yake shairi, kwa matamshi ya kwao, na juu ya kila neno nimeandika sahihisho langu. Baada ya ubeti wa kwanza yako maneno haya: *Rudi kwako una nini? Leta hapa tugawane.* Nimeyapiga mstari mmoja ulionyooka, nikaandika pembeni: "Kelele za wanawake. Ziachwe."

Jina nalo nililiacha. Lilikuwa jina la kibarua asiyejua kusoma, na kitabu kilikuwa cha skuli. Niliona kwamba mtunzi asiyejulikana ana heshima zaidi.

Naandika na siku yenyewe, kwa kuwa nimeikumbuka yote. Ilikuwa bandani katika shamba la marehemu ami yangu, kabla ya mashamba kugawiwa watu eka tatu tatu baada ya Mapinduzi. Nilikuwa mwalimu kijana na nilikwenda kukusanya maneno. Wanawake wasiopungua ishirini walikuwa wamekaa duara, kila mmoja na fungu lake la karafuu mbichi, wakitenga karafuu na makonyo. Mmoja wao, Mwanamize, alikuwa mja mzito, uso umemvimba, na fungu lake lilikuwa kama hajaligusa. Aliimba. Wenzake wakajibu, na mikono ikapita kutoka kila upande, konzi moja moja, bila ya mtu kumtazama usoni, mpaka fungu likawa sawa na mafungu ya wengine. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye kuliko wote. Niliona mikono. Nilimwomba aurudie mstari wa pili, kwa sababu sikuwa nimeumaliza kuuandika.

Mtoto huyu hakubuni neno. Imenipasa niiandikie afisi barua.

Alhamisi, 22 Novemba

Mvua. Sikuandika barua.

Ijumaa, 23 Novemba

Mvua. Sikuandika barua. Nimejiambia kwamba yafaa kwanza kuitazama kanuni.

Jumatatu, 26 Novemba

Kanuni nimeitazama. Mtahini mkuu anaweza kurekebisha alama kwa barua yenye sababu, wakati wowote kabla ya orodha kufungwa. Haina kizuizi chochote. Sikuandika.

Jumanne, 27 Novemba

Jua zuri. Msichana amekuja tena. Nilimwona kupitia dirishani akiingia uani, nikamwambia Bi Khairiya amwambie nimelala.

"Mwambie mwenyewe kuwa umelala," akanijibu.

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango. Hatimaye nilimsikia mke wangu akisema, "Mwanangu, Mwalimu yumo ndani, lakini leo hatoki." Msichana akauliza kama ninaumwa. "Ndiyo," Bi Khairiya akasema, "lakini si ugonjwa wa kuambukiza."

Mtu aliyewafundisha watu miaka thelathini na minane kusema kweli kwa lugha fasaha amejificha nyuma ya pazia kwa kumwogopa mtoto.

Ijumaa, 30 Novemba

Mvua na upepo. Nimeazima mwavuli, nikaenda mpaka mlango wa afisi, nikarudi.

Jumapili, 2 Desemba

Nimejaribu kujitetea na naandika utetezi wenyewe ili niuone. Nilijiambia: shairi likisha kuandikwa limeachana na aliyelitunga, mistari iliyomo katika karatasi ya mtihani ndiyo hiyo minne, na kwa mistari hiyo minne mwongozo wangu ni sahihi. Katika sarufi utetezi huu hauna kasoro. Lakini mistari ni minne kwa sababu mimi niliukata wa tano. Nimekifunga kisima nikamwadhibu aliyesema humu mna maji.

Alhamisi, 6 Desemba

Jana ilisomwa Maulidi katika mtaa wetu. Msomaji alisoma kituo chake, akanyamaza, na sote tukaitikia, mimi nikiwa miongoni mwao, kwa sauti kuliko jirani zangu. Nilipokuwa ninaitikia nilijiuliza msomaji angekuwa anafanya nini lau sote tungenyamaza, tukatoa madaftari. Sikuweza kumaliza halua.

Kificho alikuwa safu ya nyuma yangu. Wakati wa kunyunyiziana marashi nilimwambia, "Yule arobaini na moja. Nilikosea."

Hakuonyesha mshangao, wala furaha. "Orodha inafungwa kesho kutwa, Mwalimu," akasema. "Wanaifunga mapema kwa ajili ya saini."

Mimi nilikuwa nikizihesabu siku za meli.

Ijumaa, 7 Desemba

Nimekwenda afisini baada ya sala. Bwana mwenye dhamana ya afisi hakuwapo. Amekwenda Wete, atarudi Jumatatu. Nilikaa barazani mpaka wakafunga.

Jumamosi, 8 Desemba

Jua la asubuhi, mawingu baadaye. Nimepata gari la mizigo mpaka upande wa Mtambile, nikaulizia dago la watu wa Msuka. Walikuwa bandani, duara, wakichambua. Bi Mwanamize nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Amekuwa mfupi, na jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini vidole vyake vinakwenda peke yao. Mwanapili alikuwa ubavuni mwake. Aliniamkia, akarudi kazini.

"Karibu, Mwalimu Mbarouk," bibi akasema. "Kaa. Safari hino hukuja na penseli?"

Wanawake wakacheka. Mimi niliketi juu ya gunia.

"Unanikumbuka, Bi Mwanamize?"

"Ntu hamsahau aliyemfanya arudie kuimba na kiuno kimemkatika." Alisema bila ya ukali, kama anayetaja mvua ya mwaka fulani. "Mtoto yule sikumpata. Kazaliwa siku ya tatu, kafa. Si kwa ajili yako. Nakwambia tu uandike na hilo, kama unaandika bado."

Nikasema lililo dogo. Nilimwambia kwamba katika kitabu sikulitia jina lake, na kwamba nitaiomba afisi litiwe.

"Kitabu n'takifanya nini mie? Sijui kukisoma." Akanyoosha kidole cheusi kuelekea kwa mjukuu wake. "Huyu ndiye kitabu changu. Wamembandika ukutani kuwa mwongo. Mkibandue."

"Nimekuja kwa hilo."

"Mbona umekuja kwangu? Ukuta uko Chake."

Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mkabala nami akasema, "Mzee wa watu kaja kuomba radhi, Bi Mize, nawe wamtia kazini."

"Radhi nimempa zamani. Ukuta sijampa."

Nilipeleka mkono kwenye fungu lake. Sijui nilifikiri nini. Labda nilitaka kufanya sasa nililoacha kufanya wakati ule. Akaufunika kwa wake. "Siye tunamsaidia aliyebaki nyuma, Mwalimu. Mie fungu langu dogo hili. Niachie."

Mwanapili hakuinua macho muda wote.

Jumatatu, 10 Desemba

Bwana mwenye dhamana amerudi. Ni mtu mpole, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilipomweleza alifunga mlango.

"Mwalimu, orodha imekwenda kwa saini Jumamosi. Lakini andika barua, tutaipeleka. Iandike kwa ufupi tu. Ukiandika yote haya, watauliza kitabu kimekaguliwa na nani, mwongozo umeandikwa na nani. Watakuondoa. Na mie siwezi kukulinda."

"Na tangazo la ukutani?"

"Lile litaanguka lenyewe na mvua."

Nimerudi nyumbani na karatasi tatu za afisi.

Jumanne, 11 Desemba

Nimeiandika barua kwa lugha niliyoiona safi. "Imebainika kwamba mwongozo ulikuwa na upungufu, na kwamba jibu la mtahiniwa namba 41 halikutathminiwa ipasavyo." Nimemsomea Bi Khairiya. Alikuwa akitia karafuu kavu gunini.

"Nani kakosea humo?" akauliza.

"Barua inaeleza."

"Nasikia kuna mwongozo, kuna jibu. Ntu simsikii."

Niliichana.

Jumatano, 12 Desemba

Barua mpya, naiweka nakala yake hapa:

"Mimi, Mbarouk bin Nyange, mtahini mkuu, nimemwita mtahiniwa namba 41 mdanganyifu, naye amesema kweli. Maneno aliyoyanukuu ni sehemu ya wimbo wa Bi Mwanamize binti Jaribu wa Msuka. Niliyasikia kwa masikio yangu mwaka 1956, nikayafuta, na jina la mtunzi nikaliacha huku nikilijua. Jibu lake ni sahihi kuliko mwongozo wangu. Naomba arejeshwe katika orodha na tangazo liondolewe."

Nimeandika nakala tatu. Moja nimeipeleka afisini, moja nimempa Kificho aitie saini yake, naye safari hii ameiandika kwa herufi kubwa. Ya tatu nimeibandika mwenyewe ukutani, juu ya lile tangazo, kwa uji wa unga. Mlinzi aliniuliza nina ruhusa ya nani. Nikamwambia sina. Akanishikia kona moja.

Alhamisi, 13 Desemba

Jua. Nimekwenda kuitazama barua, nikasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la Hakimuddin. Watu walikuwa wengi kwa sababu ni msimu. Kijana mmoja alikuwa akiwasomea wasiojua kusoma.

"Mzee kajishitaki," akasema mmoja.

"Nani ajishitaki bure? Kapewa kitu na jamaa za mtoto."

"Kitu gani, na hao ni vibarua? Huyo uzee umempata. Watu wakifikia umri huo hukiri hata makosa yasiyo yao."

"Mie naona anataka kumposa," akasema mwanamke, na wakacheka sana.

Kila neno nililiandika kwa uangalifu. Hapakuwa na kiima kilichokosa kitenzi chake wala sentensi yenye njia mbili. Nao wamelisoma kila mmoja kwa alichokuja nacho. Nilitaka kuvuka barabara niwaeleze. Hakimuddin akaniletea kigoda.

"Kaa, Mwalimu. Utawaeleza wangapi?"

Nikakaa. Kwa muda wa saa nzima niliisikia barua yangu ikipewa maana ambazo sikuzitia humo, na baadhi yake, nakiri, hazikuwa mbali. Mmoja alisema, "Huyu alijua zamani. Mtu halioni kosa la miaka thelathini kwa siku moja."

Jumamosi, 15 Desemba

Meli imeondoka.

Jumatano, 26 Desemba

Karafuu zinakwisha. Nimepata barua fupi ya afisi: wananishukuru kwa utumishi wangu, na kazi ya utahini sasa amepewa mwingine. Kijitabu kitapitiwa upya. Kificho amesema ataomba kiitikio kirudishwe na jina litiwe. Nimempa daftari.

Jumatatu, 7 Januari 1985

Jibu kutoka Unguja limefika. Shutuma ya udanganyifu imefutwa kwa maandishi. Nafasi kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kujazwa barua yangu ilipofika mezani. Mtahiniwa anaruhusiwa kufanya mtihani tena mwakani.

Kificho alitaka kwenda kumwambia yeye. Nilikataa.

Alhamisi, 10 Januari

Nimefika Msuka saa tano, kwa kuwa dago limevunjwa na watu wamerudi makwao. Bi Mwanamize alikuwa amelala. Mwanapili alikuwa uani akisuka ukili wa mkeka. Nilimpa karatasi ya Unguja aisome mwenyewe, nami nikabaki nimesimama. Aliisoma mara mbili.

"Wamenisafisha," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini mwaka huu siendi."

"Huendi. Barua ilichelewa siku tano."

Aliikunja karatasi kwa nne, akaitia kifuani. Kisha akaniuliza lile ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza, si mwenye dhamana, si Kificho, wala Bi Khairiya, ingawa naamini yeye analijua.

"Mwalimu, ulijua lini kuwa nasema kweli?"

Ningeweza kumwambia ni siku ya Maulidi. Kificho angeapa kwamba ndiyo siku niliyomwambia. Ningeweza pia kumwambia ni siku ile ya mwaka 1956 bandani. Maneno yalikuwapo, na yote yalikuwa sahihi.

"Tarehe ishirini Novemba," nikasema. "Siku mbili baada ya kuja kwako."

Ukili ulisimama mikononi mwake. Nilimwona akihesabu. Hakuhesabu kwa vidole, lakini nimefundisha watoto muda mrefu, najua mtoto anapohesabu.

"Kwa hivyo nilipokuja mara ya pili, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na wakati ule ingefika."

"Ingefika, na siku kumi zingebaki."

Nilikuwa nimetayarisha njia nzima maneno ya kuomba radhi, kwa mpangilio. Niliyasema, si kwa mpangilio niliouweka. Aliyasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayesoma tangazo. Alipoona nimemaliza akaushika tena ukili.

"Mwakani utasahihisha wewe?"

"Hapana. Sitasahihisha tena."

"Afadhali," akasema.

Alinyanyuka, akaniletea maji ya kunywa, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikayanywa yote nikiwa nimesimama, nikamrudishia kikombe, nikatoka.